Macho Mia na Uchawi wa Kompyuta: Droni za Upelelezi Huona Nini Hasa?

Jioni ya 17 Juni 2020 Ligi Kuu ya England ilirejea baada ya kusimamishwa kwa sababu ya korona, na mechi ya kwanza ilikuwa Aston Villa dhidi ya Sheffield United. Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, Oliver Norwood akapiga mpira wa adhabu. Kipa Ørjan Nyland akaudaka huku akirudi kinyumenyume, mwisho akajikuta ameingia nao golini. Waliokuwa mbele ya televisheni waliuona. Mwamuzi Michael Oliver akaangalia saa yake ya mkononi, ambayo hutetemeka mpira ukivuka mstari wote. Saa ilikuwa kimya, mchezo ukaendelea, na mechi ikaisha 0-0. Baadaye kampuni ya Hawk-Eye, yaani Jicho la Mwewe, iliomba radhi. Kamera zake zote saba za goli lile zilikuwa zimezibwa na kipa, beki na mlingoti wa goli, jambo ambalo kwa maelezo yake halikuwahi kutokea katika mechi zaidi ya 9,000.

Mtambo huo ulibuniwa na Mwingereza Paul Hawkins, ambaye ukoo wake ulimrahisishia kazi ya kutafuta jina, na ulionekana kwanza kwenye matangazo ya kriketi mwaka 2001. Namna unavyofanya kazi si ya mwewe hata kidogo. Kila kamera inatafuta mpira kwenye picha yake, kompyuta inalinganisha pembe za kamera hizo, kisha inakokotoa mpira ulipo. Ile picha ya kuvutia tunayoonyeshwa, mpira ukigusa chokaa kwa upana wa ukucha, haikupigwa na kamera yoyote. Ni mchoro wa kompyuta kuhusu mahali ambapo hesabu inasema mpira ulikuwa. Kamera zikikosa mpira hesabu haina cha kuanzia, na hata kama dunia nzima imeuona mpira ukiwa wavuni, mtambo hauna habari.

Nimeanza na mpira kwa sababu huko kila mtu anaweza kukagua. Tukipanda angani, majina yanazidi kuwa mazito na nafasi ya kukagua inazidi kuwa finyu. Kuna Gorgon Stare, ARGUS, Dragon Eye, Palantir, Magic, Five Eyes. Wengi huyatia yote kwenye kapu moja, kana kwamba ni dubwana moja lenye macho mengi. Ukweli ni kwamba baadhi ya vitu hivyo ni kamera, kimoja ni droni ndogo, kingine ni kampuni ya programu, kingine ni fungu la simu za maandishi za zamani, na kingine ni makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kilichoyakutanisha ni ladha ya watu waliovipa majina.

Pikseli sita za mtu

Miaka ya mwanzo ya vita vya Iraki na Afghanistan, droni za Marekani kama Predator zilikuwa na tatizo moja ambalo waendeshaji wake walilisema waziwazi: kutazama kwa kamera zake ni kama kuchungulia kupitia mrija wa soda. Unamwona mtu mmoja vizuri sana, lakini akitoka nje ya duara lako umempoteza, na yaliyotokea mtaa wa pili huyajui. Tiba iliyofikiriwa ilikuwa kutazama mji mzima kwa wakati mmoja. Kampuni ya Sierra Nevada, kwa kazi ya Jeshi la Anga la Marekani, ikafunga kamera tisa kwenye droni ya Reaper, tano za mwanga wa kawaida na nne za infraredi, yaani za kuona joto, kisha kompyuta ikaziunganisha picha zake kuwa moja pana. Mtambo ukaitwa Gorgon Stare, Mkodoleo wa Gorgoni.

Gorgoni katika visasili vya Kigiriki ni dada watatu wenye nyoka kichwani badala ya nywele, na anayetazamana na Medusa, aliye mashuhuri kuliko wenzake, hugeuka jiwe. Jina limechaguliwa kutisha. Waliolichagua sijui kama waliisoma hadithi hadi mwisho, maana Perseus alimkata Medusa kichwa kwa kutumia ngao iliyong'aa kama kioo, akimtazama kwa taswira tu. Jicho lenye nguvu kuliko yote likashindwa na mtu aliyekataa kuligeukia.

Mwanzoni mwa Januari 2011, kabla mtambo haujapelekwa Afghanistan, jenerali mmoja wa jeshi hilo aliliambia gazeti la Washington Post kwamba adui hatakuwa na njia ya kujua kinachotazamwa, na kwamba wao wataweza kuona kila kitu. Mwezi huohuo ikavuja rasimu ya ripoti ya kikosi cha majaribio iliyosema mtambo haujafikia kiwango cha kutumika vitani. Picha zilikuwa zikishuka kwa kasi ya mbili tu kwa sekunde, na kumfuata mtu anayetembea kwa miguu kulikuwa kazi ngumu. Jeshi lilijibu kuwa kasoro zinarekebishwa, na mwaka huohuo Gorgon Stare ikaanza kuruka.

Toleo la pili, lililokuwa tayari mwaka 2014, lilibeba kamera nyingine yenye jina la hadithi hizohizo: ARGUS. Rasmi ni herufi za mwanzo za maneno marefu ya Kiingereza yaliyokunjwakunjwa mpaka yakatoa jina lililokuwa limeshapendwa. Argus alikuwa jitu lenye macho mia, mengine yakilala mengine yakikesha. Ilitengenezwa na BAE Systems kwa fedha za DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na macho yake ni 368: vihisi vya picha vya aina ileile inayotiwa kwenye simu za mkononi, kila kimoja kikiwa na pikseli, yaani nukta za picha, milioni tano. Jumla yake ni pikseli bilioni 1.8 katika picha moja. Kwa kulinganisha, picha hiyo ingejaza televisheni zaidi ya 800 za HD zilizopangwa pamoja.

Hapa ndipo inafaa kuchukua kalamu, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi na inajibu maswali mengi kuliko tangazo lolote. Ikielezwa kwamba kutoka kimo cha zaidi ya mita 5,000 kila pikseli inafunika sentimita 15 za ardhi, basi eneo la pikseli moja ni 0.15 mara 0.15, sawa na mita za mraba 0.0225. Zidisha kwa bilioni 1.8. Unapata mita za mraba milioni 40 na ushei, yaani kilomita za mraba 40, mji wenye upana wa kilomita sita na kidogo kila upande. Mpaka hapo sifa ni za haki.

Sasa mweke mtu katikati ya picha hiyo. Ukimtazama kutoka juu, mabega yake yana upana wa karibu nusu mita, pikseli tatu. Kutoka kifuani hadi mgongoni ni pikseli mbili. Mtu mzima, na kofia yake na mawazo yake, ni pikseli sita. Uso wake, kama angelala chali na kutazama mbinguni, ungekuwa na pikseli moja hivi. Kamera inayouona mji mzima haimjui mtu hata mmoja kwa sura. Haisomi namba ya gari. Haiwezi kutofautisha mwanamume na mwanamke, wala jembe na bunduki. Ukitaka uso, lazima ushushe chombo au uvute lenzi, na ukivuta lenzi umerudi kwenye mrija.

Hilo halina maana kwamba chombo hakina nguvu. Nguvu yake iko mahali pengine, nayo ni kubwa kuliko jina linavyodokeza: kurudisha nyuma. Bomu likilipuka kando ya barabara saa sita mchana, wachambuzi hurudisha mkanda hadi saa kumi na mbili asubuhi, wanaona doa likiinama mahali palepale, wanalifuata kinyumenyume hadi kwenye gari, na gari hadi kwenye ua wa nyumba. Hawakuhitaji kujua mapema watazame wapi. Doa halina uso, lakini doa lina anwani.

Aliyelitambua hilo kwa upande wa maisha ya raia ni Ross McNutt, aliyekuwa ofisa wa Jeshi la Anga la Marekani na mmoja wa waanzilishi wa teknolojia hii. Kampuni yake iliyafunga makamera ya namna hiyo kwenye ndege ndogo za Cessna zenye rubani, na mwaka 2016 ikawa inazunguka juu ya mji wa Baltimore kwa kazi ya polisi bila wakazi kuambiwa. Jarida moja likafichua mwezi Agosti. Mwaka 2020 mpango ukarudi, safari hii hadharani, kwa miezi sita, ndege zikipiga picha moja kila sekunde mchana. Hoja ya utetezi ilikuwa hesabu ileile ya pikseli: mtu ni doa, basi faragha yake imevunjwa wapi?

Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, Mzunguko wa Nne, ilijibu Juni 2021. Doa linalotoka nyumba fulani asubuhi na kurudi nyumba hiyohiyo jioni si doa tena. Ni mwenye nyumba. Ukiweka pamoja siku kadhaa za madoa, unapata mwenendo mzima wa mtu bila kumpiga picha ya uso hata mara moja. Majaji walio wengi wakaona kwamba kuzipekua kumbukumbu hizo bila hati ya mahakama kunavunja katiba. Kwa maoni yangu hukumu hiyo iliielewa teknolojia kuliko walioiuza, kwa sababu iliacha kuuliza kamera inaona nini ikauliza kumbukumbu inaweza kusema nini.

Anayetazama ni nani

Pikseli bilioni 1.8, mara picha 12 kwa sekunde: zaidi ya bilioni 21 kila sekunde inayopita. Hakuna redio ya droni inayoweza kuzishusha zote ardhini. Kwa hiyo ARGUS huhifadhi nyingi humohumo ndani na kuteremsha madirisha madogo ya video yapatayo 65, kila moja likimfuata mtu au gari lililochaguliwa na aliye chini. Yaani hata jitu la macho mia linaambiwa mahali pa kuangalia.

Na hao wanaoliambia ni wanadamu, vijana kwenye chumba chenye kiyoyozi, wanaokodolea skrini saa nane au kumi na mbili mfululizo. Video zilishakuwa nyingi kuliko watu. Ndiyo sababu Aprili 2017 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mradi wa Maven, wa kuifundisha kompyuta kutambua magari, watu na majengo kwenye video za droni. Google ilikuwa humo, ikatangaza mwaka 2018 kwamba haitaendelea na mkataba huo baada ya maelfu ya wafanyakazi wake kutia saini barua ya kupinga. Mei 2024 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliipa kampuni ya Palantir mkataba wa dola milioni 480 kwa ajili ya mfumo wa jina hilohilo la Maven.

Palantir haina droni, na biashara yake kuu si kukusanya picha. Inauza programu inayounganisha taarifa ambazo mteja tayari anazo: orodha hii, ramani ile, video ya jana, simu za mwaka juzi, zote zikakaa kwenye skrini moja zikiwa zimefungwa kwa nyuzi. Ilianzishwa 2003 na ikajiita kwa jina la mawe ya kuonea mbali yaliyomo katika riwaya za J.R.R. Tolkien. Sina hakika kama wateja wake wote wanazikumbuka riwaya hizo vizuri. Mawe yale hayadanganyi, lakini mwenye nia kali zaidi anaweza kuchagua kipi mwenzake akione. Denethor, mtawala wa mji uliozingirwa, anazitazama merikebu zenye matanga meusi zikipanda mto kuja kwake. Merikebu ni za kweli, matanga ni meusi kweli, naye anakata tamaa na kujichoma moto. Ndani ya merikebu wamo watu wanaokuja kumwokoa.

Hadithi ni hadithi, lakini Kabul ni Kabul. Tarehe 29 Agosti 2021, siku tatu baada ya shambulio la kujitoa mhanga kwenye lango la uwanja wa ndege, droni za Marekani zililifuata gari jeupe aina ya Toyota Corolla kwa takriban saa nane. Zililiona likisimama hapa na pale, zikawaona watu wakipakia vitu ndani kwa uangalifu. Jioni kombora likaachiwa. Pentagon ilikiri Septemba 17 kwamba waliouawa ni raia kumi, saba kati yao watoto, na kwamba dereva wa gari hilo alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Vitu vilivyopakiwa, kwa ushahidi uliochapishwa na magazeti, vilikuwa madumu ya maji.

Hakuna kamera iliyokosea siku ile. Lenzi kubwa zaidi isingesaidia, wala pikseli nyingi zaidi. Waliokuwa wakitazama walikuwa wameshaambiwa watafute Corolla nyeupe, na kila dumu lililoingia kwenye buti likaongeza uzito upande ambao mizani ilikuwa imeshainamia. Watengenezaji wa mitambo hii hupenda kuzungumzia kuona. Kosa la aina hii hutokea hatua moja mbele ya kuona, nako majina ya macho hayafiki.

Uchawi uliojua mengi isipokuwa moja

Upande wa uchawi una historia ndefu zaidi kuliko droni. Septemba 1940, baada ya kazi ya mwaka na nusu, kikundi cha William Friedman katika jeshi la Marekani kilifaulu kuvunja msimbo wa mtambo wa siri ambao Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani iliutumia kuwasiliana na balozi zake. Wamarekani waliuita Purple, Zambarau. Aliyegundua mpangilio uliofungua mlango alikuwa mwanahisabati Genevieve Grotjan. Mkuu wao, Jenerali Joseph Mauborgne, alikuwa akiwaita waganga wake, na zao la kazi yao likapewa jina la siri Magic, yaani Uchawi.

Kwa waliokuwa wakisoma karatasi hizo kweli ilionekana uchawi. Balozi wa Japani mjini Berlin, Oshima Hiroshi, aliandikia Tokyo taarifa ndefu kuhusu alichoambiwa na Hitler na kuhusu ngome za Wajerumani pwani ya Ufaransa, na Washington ikawa inazisoma pamoja na Tokyo. Lakini Magic ilikuwa dirisha la chumba kimoja tu, chumba cha mabalozi. Jeshi la Maji la Japani lilitumia misimbo mingine, na lilipopanga kuishambulia Pearl Harbor halikuwaambia mabalozi. Usingeweza kukuta kwenye barua kitu ambacho mwandishi wake hakijui.

Asubuhi ya 7 Desemba 1941 Wamarekani walikuwa wameshaufungua ujumbe wa sehemu kumi na nne kutoka Tokyo, pamoja na agizo kwamba ukabidhiwe saa saba mchana kamili kwa saa za Washington. Waliumaliza kabla ubalozi wenyewe wa Japani haujamaliza kuupiga chapa. Jenerali George Marshall akaandika onyo kwa makamanda wa Pasifiki. Redio ya jeshi kwenda Hawaii ilikuwa haishiki kwa sababu ya hali ya anga, onyo likapelekwa kwa njia ya kampuni za biashara za simu za maandishi kama ujumbe wa kawaida, na tarishi alilifikisha makao makuu ya Hawaii mabomu yakiwa yameshaanguka. Ujuzi wote ule wa hisabati ukaishia kwa kijana wa kupeleka simu.

Ushirikiano wa Marekani na Uingereza katika kazi hizo uliendelea baada ya vita, ukatiwa saini rasmi 5 Machi 1946, baadaye ukajumuisha Kanada, Australia na New Zealand. Leo unaitwa Five Eyes, Macho Matano, na magazeti huuchora kama buibui mwenye macho. Asili ya jina hilo ni ya kiofisi kabisa: nyaraka zao zilipigwa muhuri wa kueleza ni macho ya nchi zipi tu yanaruhusiwa kuzisoma. Macho yale ni ya wasomaji. Na kwa kazi yenyewe, sehemu kubwa ya ushirikiano huo tangu mwanzo ni ya masikio, kunasa mawasiliano.

Wakati mwingine alama ya jicho humponza mwenyewe. DARPA, shirika lilelile la ARGUS, mwaka 2002 lilikuwa na ofisi ya kukusanya na kuchambua taarifa za miamala na safari za watu ili kubaini magaidi, chini ya admirali mstaafu John Poindexter. Nembo waliyoichora wenyewe ilikuwa piramidi yenye jicho kileleni, likimulika dunia nzima, na chini yake maneno ya Kilatini ya kusema elimu ni nguvu. Ungedhani imechorwa na maadui zao. Nembo ikaondolewa, jina la mpango likabadilishwa, na mwaka 2003 Bunge likakata fedha za ofisi hiyo, ingawa sehemu za kazi yake ziliendelea chini ya paa nyingine. Wapelelezi wa Uingereza wa GCHQ waliita mpango wao Optic Nerve, Mshipa wa Jicho, na safari hii jina lilisema kweli tupu: kati ya 2008 na 2010 uliokota picha kutoka kwenye mazungumzo ya video ya watumiaji wa Yahoo, moja kila dakika tano, na katika nusu mwaka tu uliwafikia watumiaji milioni 1.8. Dunia ilijua mwaka 2014.

Macho yasiyo macho

Setilaiti za upelelezi za Marekani ziliwekwa chini ya jina Keyhole, Tundu la Funguo, tangu zama za mradi wa Corona. Setilaiti hizo za kwanza, zilizofanikiwa Agosti 1960, zilidondosha filamu ndani ya kopo ambalo ndege ililidaka angani kwa ndoano. Jina hilo lina unyenyekevu ambao silioni kwa Gorgoni, kwani anayechungulia tunduni anajua kwamba sehemu kubwa ya chumba haioni. Miongo kadhaa baadaye kampuni ndogo ya ramani ikajiita Keyhole kwa kuzikumbuka setilaiti hizo, Google ikainunua 2004, ikawa Google Earth. Faili za KML ambazo wachora ramani huzituma kila siku zimebeba herufi K ya tundu lile.

Katika mkoa wa Guizhou nchini China kuna darubini ya mita 500 iitwayo Tianyan, Jicho la Anga, iliyokamilika 2016, ambayo haipokei mwanga wowote bali mawimbi ya redio. Dragon Eye, Jicho la Joka, ni droni ndogo ya uzito wa kilo mbili na nusu hivi iliyotengenezewa wanamaji wa Marekani wachungulie nyuma ya kilima kule Iraki. Zilipochakaa kijeshi, NASA ilizichukua chache na mwaka 2013 ikazirusha ndani ya moshi wa volkano Turrialba huko Kosta Rika zipime gesi ya salfa. Joka lenyewe kwenye moshi wa volkano, likifanya kazi ya pua.

Mfano mkali zaidi ni wa Iran. Shahed ni neno la Kiajemi lenye maana ya shahidi, mtu aliyeona. Shahed 129 inalistahili, kwa kuwa ina kamera na huzunguka ikitazama. Lakini iliyovuma duniani ni Shahed 136, ile ya pembetatu inayokwenda bila kurudi, na katika umbo lake la msingi haina kamera kabisa. Hupewa namba za mahali kabla ya kuruka, ikajiongoza kwa setilaiti na vipima mwendo, ikaanguka palepale iwe pana mtu au hapana. Kuna matoleo ya baadaye yaliyoongezewa kamera.

Na kuna utani ambao sijui kama ulikusudiwa. Katika hadithi ya Kigiriki Argus wa macho mia aliuawa na Hermes, aliyempigia filimbi na kumsimulia visa mpaka macho yote yakafumba. Kampuni ya Elbit ya Israeli imeiita familia yake ya droni za upelelezi Hermes.

Droni iliyowahi kuogopwa kwa macho ya watu wote haikuwa na jina la jicho wala la uchawi. Iliitwa Pioneer, mtangulizi, chombo kidogo chenye propela ya nyuma na sauti ya mashine ya kukatia majani. Katika vita vya Ghuba vya 1991 manowari za Marekani ziliirusha kutafuta shabaha na kusahihisha mizinga yao ya milimita 406. Wanajeshi wa Iraki waliokuwa kisiwa cha Faylaka, pwani ya Kuwait, walishajifunza kwamba mlio ule ukipita, makombora hufuata. Pioneer ya manowari Wisconsin ilipowapitia kwa chini, walitoka mahandakini wakapunga vitambaa vyeupe kuelekea kamera. Inasimuliwa kwamba mwendeshaji, akiwa mbele ya skrini yake melini, alimpigia nahodha kumuuliza awafanye nini.